Mchaichai, karafuu, mwarobaini au feni? Kuchagua kinga ya mbu na dawa ya mwasho msimu wa joto

Kaskazi ikishaanza kuvuma mwezi Desemba, huku mvua zimeacha madimbwi kila kona, pwani yote kuanzia Mtwara hadi Lamu huingia msimu wa kujikuna. Ndani kuna joto, watu wanahamia barazani hadi usiku, watoto wanashinda kifua wazi, na mbu hawana shida ya kutafuta chakula. Ndipo maswali yanapoanza kuzunguka. Mchaichai unafukuza mbu kweli? Mwarobaini je? Na mtoto akishaumwa, apakwe shubiri au asali?

Nimevipanga vitu hivi viwiliviwili, kimoja mkabala na kingine, kwa sababu karibu kila mmea wenye harufu kali humfukuza mbu kwa kiasi fulani. Tofauti iko kwenye muda unaokulinda, aina ya mbu unaomfukuza, na unavyoiacha ngozi yako au kifua chako. Msimamo wangu niuseme mapema: vitu vya asili navipenda na navitumia, lakini vina saa zake. Saa za barazani vinafaa, na saa za kutuliza mwasho vinafaa sana. Kitandani, usiku wa manane, usivitegemee.

Anayekuuma ni nani, na saa ngapi?

Mbu wa malaria, Anofelesi, ni wa usiku. Anaanza giza linapoingia, na kazi yake kubwa anaifanya watu wakiwa wamelala, kuanzia kama saa nne usiku hadi alfajiri. Kuleksi, yule wa kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu, naye ni wa usiku. Ndiye anayeeneza matende na mabusha katika miji ya pwani.

Edesi ana tabia nyingine kabisa. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anazaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: ndoo, matairi, vifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua. Anauma mchana, hasa saa za asubuhi baada ya jua kuchomoza na tena kuanzia alasiri hadi magharibi. Ndiye aliyeeneza dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na chikungunya Mombasa mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Chikungunya yenyewe ilielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza kwetu huku, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, baada ya mlipuko wa 1952 hadi 1953.

Ukijua hilo, nusu ya uchaguzi imekwisha. Chandarua hakimlindi mama anayefua nguo uani saa kumi na moja jioni. Na mafuta ya kupaka yanayodumu nusu saa hayana msaada wowote kwa mtoto aliyelala, saa nane za usiku, kwenye chumba chenye Anofelesi.

Mchaichai na mkaratusi wenye harufu ya limau

Wengi huanza na mchaichai kwa kuwa uko uani tayari. Mchaichai wetu wa chai ni ndugu wa karibu wa sitronela, mmea unaotiwa kwenye mishumaa na losheni za mbu. Ni wa jamii moja ya nyasi lakini si mmea mmoja. Mafuta ya yote mawili yanamvuruga mbu anapotafuta harufu ya binadamu. Shida ni kwamba ni mafuta mepesi mno, yanapeperuka upesi, na yakishapeperuka ngozi inabaki kama ilivyokuwa.

Kuna jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2002 kwenye jarida la *New England Journal of Medicine* ambalo napenda kulitaja, kwa sababu lilifanywa kwa namna ambayo hata mtoto anaielewa. Watu 15 walijitolea, wakapakwa dawa mbalimbali za dukani mkononi, kisha wakauingiza mkono kwenye kizimba chenye mbu wa Edesi wenye njaa, na saa ikawa inahesabu mpaka mbu wa kwanza aume. Dawa yenye DEET, kemikali ya kiwandani ya kufukuza mbu, ya karibu asilimia 24 ililinda kwa wastani wa saa tano. Iliyotengenezwa kwa mafuta ya soya asilimia 2 ililinda kama saa moja na nusu, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Zile za sitronela zilikuwa chini ya dakika 20. Bangili za mkononi zilizotiwa dawa hazikulinda kitu.

Kwa hiyo ukipaka mafuta ya mchaichai saa kumi na mbili jioni, usijidanganye kwamba bado yanakulinda saa mbili. Itabidi uyarudie kila nusu saa au chini ya hapo. Na kupanda mchaichai kuzunguka baraza ni jambo zuri kwa chai na kwa macho, lakini jani zima lililotulia halitoi mafuta ya kutosha kumzuia mbu. Lazima livunjwe au lipondwe.

Mkaratusi ninaousema hapa sio ule wa nguzo za umeme, wala mafuta ya kuchua mtu mwenye mafua. Ni mkaratusi ambao ukiponda jani lake unapata harufu ya limau waziwazi. Wataalamu wa mimea wanauita *Corymbia citriodora*. Mafuta yake ghafi nayo ni mepesi na hayadumu sana. Ila yakichakatwa, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa kitu kizito zaidi kinachoitwa PMD, na hicho ndicho kinachobaki kwenye ngozi. Dawa ya kupaka yenye kama asilimia 30 ya mafuta hayo yaliyochakatwa inaweza kulinda hadi saa sita, karibu sawa na DEET ya kiwango cha kawaida. Ni miongoni mwa chache za asili ya mimea ambazo mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, imeziweka kwenye orodha moja na DEET.

Ukiwa dukani, geuza chupa usome nyuma. Kama imeandikwa PMD au Citriodiol, jina la kibiashara la mafuta hayo yaliyochakatwa, umepata. Kama imeandikwa mafuta ya mkaratusi tu, tena kwenye kichupa kidogo cha kunusa, hiyo ni kitu kingine, na ni kali kwa ngozi ikipakwa bila kuchanganywa. Wala PMD haifai kwa watoto wa chini ya miaka 3. Kwa hao wadogo, DEET ya kiwango kidogo inaruhusiwa kuanzia umri wa miezi 2. Kabla ya hapo ni chandarua na nguo tu.

Hapa sina kigugumizi: ukitaka kununua kitu kimoja tu cha asili cha kupaka, nunua chenye PMD. Mchaichai utumie pale unapotoka dakika chache kuanua nguo. Na dengi ikitangazwa mtaani, au ukiwa na mimba mahali penye malaria, usione haya kutumia DEET. Imetumika tangu miaka ya 1950, imechunguzwa sana, na wajawazito wanaruhusiwa kuitumia kama lebo inavyoelekeza.

Karafuu na kivumbasi

Wapemba na Waunguja watanilaumu nikiipita karafuu. Mafuta yake yanakamuliwa huko huko, kwenye kiwanda cha Wawi nje ya Chake Chake, kwa kutumia makonyo na majani. Na yana nguvu kweli: katika majaribio ya maabara nchini Thailand yaliyochapishwa mwaka 2005, mafuta 38 ya mimea yalishindanishwa, na karafuu isiyochanganywa ndiyo iliyodumu kuliko mengine, kati ya saa mbili na nne.

Lakini neno ni hilo, isiyochanganywa. Karafuu imejaa eugenoli, kile kinachokufanya uhisi ganzi ukiitafuna kwa ajili ya jino. Ipake ghafi mkononi, hasa ngozi laini ya ndani ya kiwiko, na unaweza kupata wekundu, kuchomwa, hata malengelenge. Kiasi salama cha ngozi ni kidogo mno: kama matone matatu kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi. Kwa kiasi hicho ule muda wa saa mbili na zaidi hautaupata. Mtoto mdogo usimpake kabisa, na mafuta yenyewe yafungiwe mbali naye, maana kuyanywa hata kidogo ni sumu.

Kivumbasi ni cha upole zaidi. Chukua matawi mawili, sugua majani baina ya viganja mpaka yaache majimaji ya kijani, kisha pitisha mikono kwenye vifundo vya miguu na shingoni. Harufu yake iko kati ya karafuu na rehani, na si ajabu, kwa kuwa mara nyingi ni eugenoli ileile, ila humo ni kidogo. Ukining'iniza fungu dirishani, lipige-pige kila jioni ili litoe harufu. Likishakauka kabisa, badilisha. Watu wa vijijini Tanzania na Kenya wamekitumia tangu zamani, na watafiti waliokipima mashambani wamekubali kwamba hupunguza mbu wanaoingia ndani. Kupunguza si kumaliza. Hata hivyo, kwa mtu mwenye uani na asiye na pesa ya chupa ya PMD, mimi ningechagua kivumbasi kuliko karafuu. Hakikuchomi, hakina gharama, na ukikikata kinachipua tena.

Mwarobaini na mafuta ya nazi

Hawa wawili huwekwa pamoja kwa sababu hutumika pamoja. Kinachofukuza ni mafuta ya mbegu za mwarobaini. Mafuta ya nazi ni ya kuyabeba. India walijaribu kuyachanganya asilimia chache za mwarobaini ndani ya nazi na wakapata matokeo mazuri dhidi ya Anofelesi, lakini majaribio mengine yaliyofuata, hasa kwa Edesi, yalitoa matokeo ya chini sana. Ndiyo maana siwezi kukuahidi saa.

Maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, yale ya kuogea, hayana nguvu hiyo. Yanatuliza baadhi ya ngozi zinazowasha, sawa, lakini kama kinga ya mbu ni machache mno. Mafuta ya nazi matupu nayo yanamfanya mbu asitue kwa raha kwa muda mfupi wakati ngozi bado inateleza, basi.

Jambo ambalo watu hawaambiani: mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga ni hatari. India na Malaysia kumekuwa na watoto waliougua vibaya, wengine wakapata degedege na kupoteza fahamu, baada ya kunyweshwa kama dawa ya kienyeji. Kupaka kwenye ngozi ya mtu mzima ni sawa. Kumpaka mtoto anayenyonya vidole, hapana.

Moshi na feni

Moshi ndio kinga ya kale kuliko zote: makumbi ya nazi, maganda ya machungwa yaliyokauka, majani mabichi ya mwarobaini juu ya makaa, na siku hizi dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo. Inafanya kazi. Nani asiyejua kwamba mbu wanakimbia moshi? Ila na mapafu yako yapo pale pale.

Mwaka 2003 watafiti walipima dawa za mbu za kuchoma zilizokuwa zikiuzwa Malaysia na China, wakakuta koili moja ikiungua hadi mwisho inatoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chumba cha kulala kilichofungwa madirisha, mtoto mwenye pumu, na koili chini ya kitanda: nakusihi usifanye hivyo. Moshi wa maganda ya chungwa ukiwa ndani ya chumba hauna tofauti kwa sababu tu unanukia vizuri. Ukilazimika, uwe nje barazani, upande upepo unakotoka, na watu wakae mbali kidogo na jiko.

Kuna watu wanaokwepa koili kwa kuona ni kemikali huku wakisifu mimea. Kumbe dawa ya asili ya koili ilikuwa mmea: pareto, ua jeupe linalolimwa Mufindi kwa upande wa Tanzania na Nakuru kwa upande wa Kenya, nchi ambayo kwa miaka mingi iliongoza duniani kwa zao hilo. Pareto ni ya asili asilimia mia, na inaua mbu, inaua na samaki ikiingia kwenye bwawa. Dawa nyingi za viwandani zinazotiwa kwenye vyandarua ziliundwa kwa kuiga kilichomo ndani ya ua hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ya asili, haina madhara", muulize inafanya nini na inapakwa kiasi gani.

Sasa feni. Mbu ni mruka dhaifu. Upepo wa feni unamyumbisha asiweze kutua, na pia unatawanya pumzi na harufu ya jasho ambavyo ndivyo vinavyomwongoza kukufikia. Hakuna moshi, hakuna cha kupaka, na unapata na ubaridi. Feni ya kawaida ya wati 60 ikizunguka usiku kwa muda wa saa nane haimalizi hata uniti moja ya umeme. Ukiwa barazani, iweke chini, ielekee miguuni, maana mbu wanapenda sana vifundo na nyayo za mtu aliyekaa. Umeme ukikatika, vaa soksi au jifunge kikoi hadi vifundoni. Kati ya moshi na feni sioni mashindano.

Chandarua, na ndoo iliyosuguliwa

Hapa sirefushi. Chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, hakina mbadala wa asili. Kama una nyavu madirishani, zikague matundu kabla ya mvua, si baada.

Kuhusu maji yaliyotuama, wengi wanajua kumwaga ila hawasugui. Mayai ya Edesi yanagandia kwenye ukuta wa ndoo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa hapo makavu kwa miezi. Ukimwaga na kujaza tena, yanaanguliwa. Kwa joto la pwani, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo siku moja kila wiki mwaga, sugua kwa brashi, funika. Pipa la maji ya kunywa na sahani za maua kwanza.

Ukishaumwa: baridi au joto?

Mbu anapouma anakuachia mate yake, na mwili unayajibu kwa kutoa histamini. Hiyo ndiyo inayovimbisha na kuwasha. Osha kwanza kwa sabuni na maji. Kisha, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi, ondoa, pumzisha ngozi, rudia ukihitaji. Kama hakuna barafu, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungi kinatosha. Baridi inabana mishipa midogo ya damu na kutuliza neva zinazopeleka mwasho, na mtoto anaikubali.

Joto nalo linatuliza. Ulaya vinauzwa vifaa vidogo vinavyopasha ngozi hadi kama nyuzi 51 kwa sekunde chache tu, na vinapunguza mwasho. Watu huku hujaribu kuiga kwa kijiko kilichochovywa kwenye maji ya moto. Tatizo kijiko hakina kipimo: kikiwa vuguvugu hakifanyi kitu, kikizidi kinababua. Chagua baridi.

Shubiri, asali na soda

Baada ya baridi, shubiri ndiyo ninayoiweka mbele, lakini namna ya kuikata ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Kata jani nene la chini, karibu na shina. Lisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa chini, kwa dakika kumi na tano hivi. Utaona majimaji ya njano yanachuruzika. Hayo ndiyo machungu, ndiyo yanayoweza kuwasha ngozi na kumharisha anayeyameza. Yakishaisha kutoka, osha jani, menya ngozi ya kijani pande zote mbili, ubakiwe na ile nyama angavu inayoteleza. Hiyo ndiyo ya kupaka. Inapoza, inalainisha, na ikikauka haiachi mafuta nguoni. Sehemu iliyobaki funga, weka kwenye friji. Ikipakwa ikiwa baridi inafanya kazi mbili kwa mpigo. Jaribu kwanza mahali padogo, kwani wapo wachache ambao ngozi yao haiipatani.

Asali inafaa zaidi pale mtoto alipokwisha kujikuna mpaka pakachubuka, kwa kuwa huzuia bakteria. Kwa mwasho tu, shubiri inaishinda. Tena asali inanata na inawaita sisimizi. Ukiipaka usiku, funika kwa kitambaa safi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipakwe mahali anapoweza kulamba, kwa sababu asali kwake inaweza kuleta ugonjwa wa botulizimu.

Soda ya kuokea, ile bikaboneti ya vipaketi vya dukani, changanya kijiko na matone ya maji ipate kuwa uji mzito, paka dakika kumi, osha. Ni rahisi na inapunguza mwasho. Tafadhali usikosee ukachukua magadi soda ya watengeneza sabuni. Hayo magadi ni makali zaidi na yanaweza kuunguza ngozi, na nchini Tanzania vyote viwili mara nyingine vinaitwa kwa jina moja dukani. Kabla ya kupaka, soma kipaketi au uliza kama ni ile ya maandazi.

Ukikosa vyote hivyo, losheni ya kalamaini kutoka duka la dawa ni ya bei ndogo na inatuliza vizuri.

Vya kuacha

Ndimu na limau kwenye ngozi iliyoumwa, acha. Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi, na hapa kwetu jua halikosekani. Dawa ya meno inapoza kwa sababu ya mentoli, kisha inakausha na kuwasha upya. Mafuta ya taa yanababua, na harufu yake ni sumu kwa mtoto. Kitunguu sijaona sababu ya kukitumia ukiwa na maji baridi.

Wasio mbu

Nyuki akikuchoma, toa mwiba wake mara moja, kwa kucha au kwa kukwangua, vyovyote vile. Kinachohesabika ni haraka, maana kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma. Kisha osha na uweke barafu.

Kuna na yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, Kenya wanamwita Nairobi fly, anayejaa kwenye taa baada ya mvua. Alileta taabu kubwa Kenya mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, inatoka ukimponda. Akitua shingoni, mpulize au mpitishie karatasi apande. Ukishamponda, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, na mkono uliomgusa usiupeleke machoni. Malengelenge huja baadaye, siku ya pili hivi, na hapo shubiri na kitambaa baridi vinasaidia.

Pale mimea inapofika mwisho wake

Midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, mtu kuishiwa nguvu baada ya kuchomwa: hospitali wakati huo huo, hakuna cha kupaka. Sehemu iliyoumwa ikiwa nyekundu inayotanuka, ya moto, yenye usaha, hiyo imeingia bakteria na inahitaji kuonwa na daktari.

Homa ikikupata siku au wiki kadhaa baada ya kuumwa, pima malaria siku hiyo hiyo. Majibu yakitoka hamna malaria huku kichwa, nyuma ya macho na viungo vinauma, mwambie daktari afikirie dengi. Mpaka dengi ithibitishwe kwamba haipo, kwa homa na maumivu tumia paracetamol peke yake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache dukani, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa wa dengi.